Magari ya Kale kati ya Jinja na Mbale

Magari ya kale yanayotafutwa leo mashariki mwa Uganda yaliletwa huko kufanya kazi. Yalibeba pamba, sukari, kahawa, wagonjwa, mishahara ya vibarua na mabwana shamba waliozunguka vijijini. Ndiyo maana mtu anayeulizia gari la michezo la Kiitaliano katika gereji za Jinja hupoteza wakati wake, ilhali anayetafuta Land Rover ya miaka ya 1960, Peugeot 404 au lori la Bedford ana matumaini ya kulikuta nyuma ya nyumba ya mtu, limekaa juu ya mawe, matairi yalishauzwa. Kilichobaki na kilichopotea kiliamuliwa na kazi kwanza, kisha siasa, na mwisho bei ya chuma chakavu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mzigo wa Busoga, upande wa Jinja, na Bukedi, upande wa Mbale, ulisafiri kichwani mwa mpagazi. Ng'ombe wa kukokota hawakudumu palipokuwa na mbung'o, na ukanda wa ziwa kusini mwa Busoga ulikumbwa na malale kiasi kwamba serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wake. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo meli zilivusha bidhaa hadi bandari za Uganda, Jinja ikiwa mojawapo. Mbegu za pamba ziligawiwa wakulima kuanzia miaka ya 1903 na 1904, na mavuno yalipoongezeka ikadhihirika kwamba wapagazi hawataweza kuyabeba. Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kuanzia 1906 hadi 1909, alihimiza barabara zinazopitika kwa magari. Mwaka 1912 ikafunguliwa Reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali kwenye Mto Nile, ili pamba ya maeneo ya Ziwa Kyoga ipate njia ya kufika Ziwa Victoria. Bado palikuwa na pengo kati ya shamba na kiwanda cha kuchambulia pamba, na kati ya kiwanda na kituo cha reli. Lori liliingia katika pengo hilo.

Malori ya mwanzo yalikuwa mazito, yenye magurudumu ya mpira mgumu usio na upepo, na barabara za udongo ziliyashinda kila mvua iliponyesha. Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani tangu 1908 hadi 1927 kwa idadi iliyozidi milioni 15, ilifaa zaidi kwa sababu ilikuwa nyepesi, tumbo lake liliinuka juu kutoka ardhini, na fundi mwenye spana chache aliweza kuifungua na kuifunga. Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyopiganwa pia Afrika Mashariki, viliwaonyesha watu wengi kwamba gari dogo jepesi hupita mahali ambapo kubwa limekwama. Petroli ilifika ndani ya madebe yaliyofungwa mawili mawili katika masanduku ya mbao, na debe tupu halikutupwa: likawa kipimo cha nafaka, chombo cha maji, na bati la kuezekea.

Magari mengi ya wakati huo yaliagizwa yakiwa chasi na injini tu. Bodi ilijengwa Afrika Mashariki na maseremala, wengi wao Wahindi, ambao waliunda boksi la mbao lenye paa na mapazia ya turubai. Mchwa na mvua havikuliachia boksi hilo maisha marefu. Kwa hiyo gari kamili la kabla ya 1930 ni nadra mno katika eneo hili, na linalopatikana huwa ekseli, chasi iliyogeuzwa kuwa tela, au injini iliyowahi kuzungusha kinu cha unga. Mkusanyaji anayelifufua gari kama hilo hulazimika kujenga bodi upya kwa kufuata picha za zamani. Hilo si udanganyifu, maadamu anasema wazi kwamba mbao ni mpya. Hata bodi ya kwanza ilijengwa na seremala wa mtaani.

Mbale ilikua kwa namna yake. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeitiisha sehemu kubwa ya mashariki kwa niaba ya Waingereza, aliuanzisha mji huo chini ya Mlima Elgon mwanzoni mwa karne. Alipofariki mwaka 1928, reli ilikuwa ikisogea kutoka Tororo kupitia Mbale kuelekea Soroti. Mwaka 1931 daraja la reli lilikamilika juu ya Nile huko Jinja, na treni ikaweza kutoka Mombasa hadi Kampala bila mzigo kupakuliwa ziwani. Baadhi ya watu walitarajia reli iue biashara ya malori, lakini ilitokea kinyume chake. Kila kituo kipya kilihitaji malori ya kukilisha mizigo, na wenye maduka ya Kihindi kando ya reli, ambao walinunua pamba na kuuza nguo na chumvi, wakawa wenye magari. Kiwanda cha sukari cha Kakira, mashariki ya Jinja, kilichoanzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930, kilikuwa na mahitaji makubwa zaidi: matrekta, malori, magari ya wasimamizi, na gereji yenye mafundi wa kudumu. Mashamba makubwa kama hayo yalikuwa pia vyuo vya ufundi, ingawa hayakutoa vyeti.

Kipindi ambacho wakusanyaji wa leo hukitazama kwa hamu kinaanza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Bei ya pamba na kahawa ilipanda, na viwanda vya magari vya Uingereza vilisukumwa kuuza nje ili kuipatia nchi yao fedha za kigeni. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Chuma kilikuwa adimu Uingereza, hivyo sehemu kubwa ya bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini. Uamuzi huo wa dharura ndio uliookoa maelfu ya Land Rover barani Afrika, kwa kuwa bodi haioti kutu. Hata hivyo chasi yake ni ya chuma, na mnunuzi anayevutiwa na bodi iliyonyooka bila kulala chini ya gari kuigonga chasi kwa nyundo hujiletea hasara.

Huko Jinja kazi ya bwawa la Owen Falls ilianza mwishoni mwa miaka ya 1940, na Malkia Elizabeth II alilifungua tarehe 29 Aprili 1954. Umeme ulileta viwanda: kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile, tanuri la kuyeyusha shaba ya mgodi wa Kilembe, na vingine vilivyofuata. Nyumba za wafanyakazi zilijengwa Walukuba, jirani na Masese, iliyobaki na mwalo wake wa wavuvi. Mpangilio wa magari mjini ulifuata mpangilio wa watu. Mhandisi wa Kizungu aliendesha Rover au Humber. Mfanyabiashara wa Kihindi alipendelea Mercedes-Benz au Peugeot. Karani na mwalimu waliofanikiwa walinunua Morris Minor, Ford Anglia au Volkswagen ya mgongo wa kobe, mara nyingi kwa mkono wa pili. Wafanyakazi wengi wa Walukuba na Masese walikwenda kazini kwa baiskeli au kwa miguu. Picha za zamani za Main Street ya Jinja zenye magari yaliyong'arishwa ni za kweli, ila hazionyeshi walio wengi.

Upande wa Mbale mtawala wa barabara alikuwa kahawa. Chama cha ushirika cha Bugisu kilisajiliwa mwaka 1954, na arabika ya miteremko ya Elgon ilishushwa kwa malori na Land Rover kupitia njia zenye utelezi ambazo hazikusamehe breki mbovu. Magari ya ushirika yalihudumiwa kwa ratiba na kumbukumbu zake ziliandikwa, jambo ambalo gari la mtu binafsi lilikosa mara nyingi. Gari la aina hiyo likipatikana leo pamoja na daftari lake la matengenezo, lina thamani kuliko jingine linalofanana nalo lisilo na karatasi yoyote.

Jina la gari katika Afrika Mashariki lilijengwa pia na mashindano. Mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalianzishwa mashindano ya East African Coronation Safari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara kuu kati ya Kampala na mpaka wa Kenya hupita Jinja, hivyo wakazi wa huko waliona kwa macho yao magari yanayofanana na yale waliyoweza kununua dukani. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hilo. Sheria za awali zilitaka magari ya kawaida, na mnunuzi aliusoma ushindi kama cheti. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, Ford Zephyr mwaka 1955, Mercedes-Benz 219 mwaka 1959 na 1960. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na kumaliza saba tu. Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff iliongoza. Mwaka 1968 wawili hao walishinda tena kwa 404, na kwa mara nyingine waliomaliza walikuwa saba, kati ya 93. Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania walikuwa wameshinda kwa gari hilohilo mwaka 1966 na 1967. Baada ya hapo muuzaji wa Peugeot hakuwa na haja ya maneno mengi, na 404 ya familia yenye safu tatu za viti ikawa teksi ya masafa marefu katika nchi zote tatu.

Ushindi wa mwaka 1965 una mvuto wa pekee kwa wapenda magari ya zamani. Joginder Singh, fundi na dereva aliyezaliwa Kericho, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano na kuuzwa kama gari la mkono wa pili. Uganda nayo ilitoa bingwa wake: Shekhar Mehta, aliyezaliwa Kampala mwaka 1945 katika ukoo wa wenye kiwanda cha sukari cha Lugazi. Aliposhinda kwa mara ya kwanza, mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, alikuwa tayari ni mkazi wa Kenya.

Sababu ya kuhama kwake ndiyo iliyokata historia ya magari ya Jinja katikati. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wana siku 90 za kuondoka. Jinja, mji uliokuwa na jamii kubwa ya Wahindi kuliko karibu mji wowote wa Uganda ukiondoa Kampala, uliipoteza jamii hiyo ndani ya miezi mitatu. Wengi walielekea Uingereza, wengine Kanada, India na kwingineko. Waliruhusiwa kuchukua fedha kidogo tu. Magari yaliuzwa kwa bei ya kutupa, yaliachiwa madereva na majirani, yaliendeshwa hadi Kenya na walioweza, au yaliachwa barabarani na uwanja wa ndege wa Entebbe, funguo zikiwa ndani. Mali iliyobaki iliwekwa chini ya bodi ya serikali ya kusimamia mali za walioondoka, na sehemu kubwa yake ikaishia kwa wanajeshi na watu wenye kujuana na wakubwa, tabaka lililoitwa mafuta mingi.

Kwa mkusanyaji wa leo tukio hilo lina matokeo mawili. La kwanza ni la karatasi. Gari lililobadili mikono mwaka 1972 mara nyingi halikuuzwa kwa hati yenye saini ya mwenyewe. Kadi yake ilipotea, au ilibaki na jina la mtu aliyekuwa tayari Leicester au Toronto. La pili ni la kimaadili, nalo halizungumzwi sana sokoni. Sheria ya mwaka 1982 ya mali zilizotaifishwa iliweka njia ya kurudishiwa nyumba, viwanda na biashara, na katika miaka ya 1990 familia nyingi zilirudishiwa majengo yao ya Jinja na Mbale. Nyumba haihami. Gari lilikwisha kuhama, kupakwa rangi nyingine na kubadilishwa namba. Muuzaji anayeinadi Mercedes ya mwaka 1968 kuwa "ya Mhindi, haijaguswa" anaeleza sifa ya gari na wakati huohuo, pengine bila kukusudia, anakumbusha jinsi mwenyewe alivyolipoteza.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya uhaba. Mawakala walikosa fedha za kigeni za kuagizia vipuri, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na bidhaa zilipita kwa magendo. Vita vya 1978 na 1979 vilipomwondoa Amin, Jinja iliangukia mikononi mwa jeshi la Tanzania mwezi Aprili 1979, na wanajeshi waliokimbia walipora magari njiani. Mafundi walijifunza kuishi na walichonacho. Gari moja lilivunjwa ili mawili yatembee. Kabureta ya Datsun iliwekwa kwenye Peugeot, gia za lori moja zikapachikwa jingine, pistoni zilichongwa upya, na vioo vya mbele vilikatwa kutoka kioo bapa. Mchunguzi anayepima uhalisi kwa vigezo vya Ulaya ataliita gari la namna hiyo limeharibiwa. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Bila uharibifu huo gari lisingefika mwaka 1990, na viraka vyake ni sehemu ya historia yake kama ulivyo muhuri wa kiwandani. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, linalitambua gari kuwa la kale likifikisha miaka 30 na likihifadhiwa katika hali sahihi kihistoria. Suala la lini marekebisho ya zamani yanakuwa historia kwa haki yake bado linabishaniwa miongoni mwa wajuzi.

Hatari kubwa zaidi ilikuja na amani. Biashara ya fedha za kigeni ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, Uganda ilipokea wimbi la magari yaliyotumika kutoka Japani, mengi kupitia Dubai. Toyota Corolla iliyokula mafuta kidogo na kuwa na spea kila duka iliigeuza 404 kuwa mkweche usio na heshima. Jinja ilikuwa na viwanda vya kuyeyusha chuma chakavu na kukigeuza nondo, na wanunuzi wa chuma walizunguka mitaani na vijijini wakipima kwa kilo. Lori la Bedford lililobeba kahawa miaka 20 liliweza kuuzwa kwa uzito wake, bila yeyote kuuliza umri. Inawezekana kabisa kwamba matanuri yaliangamiza magari mengi ya kale ya mashariki kuliko vita na uporaji vikijumlishwa. Land Rover iliponea chupuchupu kwa kuwa ilikuwa bado inafanya kazi. Morris na Humber, zilizokosa kazi, ziliyeyushwa.

Hamu ya kukusanya ilirudi taratibu, ikiongozwa na Nairobi. Huko maonyesho ya Concours d'Elegance yalikuwa yamejenga mazoea ya kulitunza gari kwa ajili ya kutazamwa, na mwaka 2003, nusu karne baada ya Safari ya kwanza, yalianzishwa mashindano ya East African Safari Classic kwa magari ya zamani. Björn Waldegård wa Sweden alishinda mwaka 2011 kwa Porsche 911, Ian Duncan wa Kenya mwaka 2009 kwa Ford Mustang. Mashindano hayo yalipandisha bei ya Datsun 240Z, Ford Escort na Porsche. Athari zake kwa Jinja na Mbale ni za mzunguko: mnunuzi wa Nairobi au Kampala hatarajii kukuta Porsche huko, bali hutafuta milango, taa, bampa na masanduku ya gia za magari ambayo tayari anayo.

Biashara yenyewe haina duka. Taarifa hupita kwa fundi mzee, dereva mstaafu, msimamizi wa misheni au mrithi anayegawana mali ya baba. Magari ya zamani ya serikali na mashirika huuzwa kwa mnada yanapoondolewa kazini. Dalali hudai bei ya gari zima kwa gari lisilo na injini, kisha hushuka. Mnunuzi mwenye uzoefu huanza na namba ya chasi na namba ya injini, akizilinganisha na kadi, ndipo ageukie kutu, kwa sababu bati hutengenezeka lakini gari lisilosajilika halina njia ya kuingia barabarani. Katika urithi hudai barua ya usimamizi wa mirathi; saini ya mtoto mmoja kati ya saba huleta kesi. Uchaguzi wa gari nao una hesabu yake. Volkswagen ya kobe iliendelea kutengenezwa Mexico hadi 2003, na Peugeot 504 ilifungwa Kaduna, Nigeria, hadi karne hii, hivyo vipuri vyake vinapatikana. Land Rover ina viwanda vizima Uingereza vinavyotengeneza spea za modeli za zamani. Austin Cambridge au Humber huweza kununuliwa kwa bei ndogo zaidi, kisha ikasimama mwaka mzima ikisubiri raba moja ya kioo.

Tangu Oktoba 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini magari yaliyofikisha umri wa miaka 15 au zaidi, na baadhi ya yenye umri mdogo kuliko huo hutozwa ushuru wa mazingira. Lengo lilikuwa kupunguza moshi na ajali, lakini matokeo yake kwa wakusanyaji ni kufungwa kwa mlango: aliye na Land Rover ya mwaka 1962 ndani ya nchi ana kitu ambacho hakiwezi kuongezwa kwa kuagiza. Kwa upande wa kutoka, usukani wa kulia wa magari ya Uganda huyafanya yafae wanunuzi wa Uingereza na nchi nyingine zinazoendesha kushoto. Gharama za kuyasafirisha kutoka Jinja hadi Mombasa, kisha baharini, humaanisha kwamba yanayostahili safari hiyo ni machache: Land Rover za mwanzo kabisa, Volkswagen Kombi za madirisha mengi, na gari lolote lenye historia ya mashindano inayothibitika kwa maandishi. Mengine hubaki kati ya Kampala, Jinja na Mbale, yakikodishwa kwa harusi na picha, na kurekebishwa na mafundi wanaojua kabureta, maarifa yanayopungua kadiri gereji zinavyohamia kwenye kompyuta.